Dairekta Aliyeniuliza Nilichoka Wapi

Kwa miaka saba mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kwanza kuziona sinema za Dairekta, na kwa miaka hiyo saba nilimdanganya. Sikumdanganya kwa ubaya. Nilikuwa fundi wa nguo mjini Kakamega, cherehani yangu ikiwa barazani mwa duka la vitambaa, na mlango wa studio yake ulikuwa hatua sita kutoka kwenye kiti changu. Siku nyingi alipiga picha za vitambulisho na za watoto waliobatizwa. Muda uliobaki alitengeneza sinema, kwa fedha yake na kwa akili yake, na kamera ndogo aliyoinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kila alipomaliza kuunganisha sinema mpya alitoka nje, akasimama mbele yangu akijipangusa mikono kwenye suruali, akasema, "Fundi, hebu wacha hiyo nguo kidogo." Hapo nikajua nimeitwa kuhukumu.

Ndani alikuwa ameziba dirisha kwa blanketi mbili za kijivu. Niliketi kwenye kiti cha wateja, yeye akasimama nyuma yangu karibu na mashine yake ya kuonyeshea, na picha ikaanza kwenye shuka la marekani nililomshonea mwenyewe. Ilipokwisha hakuniuliza kama ni nzuri. Aliuliza swali moja tu, lile lile kila mara: "Ulichoka wapi?"

"Sikuchoka popote, Dairekta," nikamjibu. "Nzuri sana."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayengoja chenji, kisha akaondoa blanketi dirishani. Baada ya dakika tano nilimsikia kule nje akimwambia muuza magazeti, mshona viatu na kila apitaye, "Fundi ameiona. Anasema hakuchoka." Uongo wangu ukawa ndio tangazo lake.

Ukweli ni kwamba nilichoka sana. Nilichoka na nilipenda, na mambo hayo mawili yalinijia katika sinema moja, pengine ndani ya dakika moja, na sikujua mtu humwambiaje mwenzake habari kama hiyo. Ningesema nimechoka angedhani sikupenda. Ningesema nimependa, basi kule kuchoka nikuweke wapi? Kwa hiyo nikashika "nzuri sana", neno lisilo na kazi nyingi, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Mambo ya kwao na ya ukoo wake nayaacha. Wenyewe wapo na watayaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi namjua kwa koti. Nilimshonea koti la kaki lenye mifuko minne, na mwaka uliofuata akalirudisha niongeze miwili, na mwaka mwingine tena miwili, mpaka likawa na mifuko mpaka mgongoni, ambako mkono wake haukufika. Katika mifuko hiyo alitia mikanda ya filamu, bisibisi, pipi za mnanaa na kile kifuniko cha lenzi alichokipoteza mara nyingi kuliko nywele zake. Harusi ingekuwa inapita, maarusi wako garini, vigelegele vimepamba moto, na Dairekta amesimama katikati ya barabara anajipapasa mifukoni. Mama mkwe wa mtu aliwahi kumuuliza, "Kwani huyu anawashwanga?"

Ilikuwa miaka ya miwa. Asiyeiona hatanielewa nikimweleza. Watu walipanda miwa mpaka karibu na mlango wa jikoni. Mboga ziling'olewa, migomba ikang'olewa, na mzee mmoja wa upande wa Malava alipanda hata pale walipokuwa wakichezea wajukuu wake, kisha akalalamika kwamba watoto hawana adabu, wanacheza barabarani. Kampuni ya sukari ikilipa, mji mzima ulijaa wanaume wakitaka suti. Nilishona suruali za miguu mipana mpaka nikaziota. Kila mtu alikuwa na redio mpya, na kila mwenye redio alitaka pia apigwe picha ameishika. Kwa hiyo studio ya Dairekta ilikuwa na kazi, na angeweza kunenepa kama wenzake. Badala yake alikula pesa yote kwa filamu, akabaki mwembamba kama uzi wangu.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakupiga picha ya jambo lenyewe. Alipokwenda kwenye pigano la mafahali, na huku kwetu Jumamosi ya mafahali ni jambo linalotoa watu mashambani, alirudi na dakika ishirini za watu wanaotazama. Ngoma za isukuti zinapigwa, vumbi linapanda, vinywa viko wazi, na fahali hata mmoja hayupo. Tuliiona kwenye ukumbi wa shule moja huko Lurambi. Mzee mmoja alivumilia mpaka mwisho, kisha akasimama na fimbo yake.

"Dairekta, mimi nauriza. Ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe walikuwa upande ule mwingine, mzee."

"Sasa unatuonyesha watu wanaangalia ng'ombe, na hao watu si ndio sisi? Kwani sisi hatujionangi?"

Ukumbi ulicheka mpaka benchi moja likavunjika. Nami nilicheka, maana hata mimi nilitaka ng'ombe, na nilipoonyeshwa peke yangu mle studio nilisinzia mwanzoni kabisa. Lakini ndani ya sinema ile kulikuwa na mwenye fahali mmoja aliyekuwa ameinua kofia yake juu kwa mikono miwili, akishangilia. Kofia ile ikaanza kushuka. Ilishuka polepole, ikafika kifuani, ikafika tumboni, na mtu akabaki ameishika kama sahani tupu. Fahali wake ameshindwa, na sisi hatukumwona akishindwa. Wiki nzima nilikata vitambaa huku naiona ile kofia, na kwa kuwa sikumwambia Dairekta, hakujua kwamba alikuwa amenipata.

Nilipomuuliza kwa nini haelekezi kamera panapofaa, alisema, "Jambo kubwa lina macho mengi tayari. Hayo mengine nani atayaangalia?" Alisema maneno hayo akijifanya mnyenyekevu, lakini hakuwa na unyenyekevu hata wa kutia kwenye chai. Alikuwa mtu wa kujikanusha. Alihubiri subira, na chai yenyewe ilimuunguza ulimi kila siku kwa kutoingoja ipoe. Aliwachukia waliosinzia kwenye sinema zake, na yeye alikoroma kanisani kila Jumapili mpaka pasta akazoea kupandisha sauti. Alikumbuka namna kila mteja anavyokunja uso jua likimpiga, ila jina la mteja lilimtoka kabla hajafika mlangoni.

Siku moja tu tuligombana kwa sauti. Nilikuwa nimekwenda msalani, nikarudi, nikakuta mkasi wangu mkubwa haupo. Nilimkuta nao studioni anakatia utepe wa filamu. Mkasi wa nguo! Fundi yeyote atakuambia, mkasi ule hukata kitambaa, na ukikata kitu kingine hata karatasi, ni kama umeutoa meno. Nilimwita majina ambayo mama yangu hakunifundisha. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akasema, "Sasa Fundi, si unaweza kusema ukweli! Mbona kwa sinema zangu unakuwa mpole?" Nilinyakua mkasi wangu nikatoka, lakini swali lilibaki nami.

Sinema zake hazikuwa na sauti. Aliwasemea watu wake mwenyewe, amesimama kando ya shuka na kijiti mkononi. Msichana akizungumza, Dairekta alilegeza sauti. Mzee akizungumza, alikohoa kwanza. Mwaka mmoja alipopata mafua, bibi arusi alitoa sauti ya dereva wa trekta, na wanawake walilia kwa kucheka. Tena maneno hayakuwa yale yale kila mahali. Huko Malava baba alimsamehe binti yake, na wiki iliyofuata mjini baba yule yule, kwa mdomo ule ule, alimfukuza. Aliutazama umati kwanza, akajua unataka nini, kisha akaamua anataka kuwanyima au kuwapa.

Tulipokwenda Mumias alianza kwa "Asalaamu aleikum," na ukumbi ukamrudishia vizuri, akavimba kichwa. Kwenye sinema ile mlikuwa na harusi ya kanisani, lakini yeye, kwa kutaka kuwafurahisha wenyeji Waislamu, akasema, "Basi shehe akawaozesha."

Sauti ikatoka nyuma: "Shehe gani huyo amevaa tai?"

Dairekta hakupepesa jicho. "Ametoka kazini moja kwa moja, ndugu yangu."

Walimpigia makofi kuliko walivyoipigia sinema. Tulipokuwa tukikunja shuka mzee mmoja wa pale alitupa kuku mzima, tukarudi naye akiwa ndani ya mfuko wa koti, ule wa mgongoni. Mfuko ule hatimaye ulipata kazi.

Sasa nifike kwenye sinema yake kubwa, ambayo ndiyo inayoniuma.

Kabla ya hapo alikuwa akipiga vitu kama anavyovikuta. Hii ya mwisho ilikuwa hadithi, na alinieleza barazani huku anatembea, maana akiwa na wazo hakuweza kukaa. Binti wa mkulima wa miwa anapendana na mkata miwa. Baba hataki. Wapenzi hawana mahali pa kukutania ila ndani ya shamba la baba huyo huyo, ambamo mtu hawezi kukuona hata akipita hatua mbili kutoka ulipo. Aliuza baiskeli yake, akaacha kuvuta sigara, akaagiza filamu ya kutosha. "Fundi," aliniambia, "nimefika umri wa kujua kama mimi ni mtu wa sinema au ni mtu wa vitambulisho. Watu wakikaa mpaka mwisho wa hii, nitaendelea. Wakitoka, nitaifungia kamera kwenye sanduku." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeweka sheria nyumbani kwake.

Shamba lilikuwa la mjomba wake huko Malava, na mjomba ndiye aliyeigiza baba. Binti alikuwa mwalimu wa chekechea kutoka Shirere, mrefu, mwenye uso unaobadilika hata asiposema. Nilimshonea gauni la manjano, kwa sababu Dairekta alitaka rangi itakayoonekana katika kijani kile chote. Walipiga Jumamosi tu, mwalimu akiwa hana darasa. Miwa nayo haikungoja Jumamosi. Wapenzi walianza kuongea miwa ikiwa mabegani mwao, na mazungumzo hayo hayo yalipokwisha miwa ilikuwa imewapita vichwa. Hilo Dairekta alilijua na halikumsumbua. "Mapenzi yanakua," alisema.

Lililomshinda ni jingine. Siku ya kukatiwa miwa haikuwa ya mkulima kuchagua. Kampuni ndiyo iliyoleta wakataji, na zamu zilichelewa kila mwaka. Nilishawasikia wateja wangu wote wakilia kwamba miwa yao imekomaa mpaka inakauka na hakuna anayekuja. Katika nchi yote ya miwa hapakuwa na mtu aliyewahi kukatiwa mapema. Dairekta akapiga hesabu zake kwa kuamini uchelewaji huo, akaiacha sehemu ya katikati, ile ya baba kupita karibu na wapenzi waliojificha, aje aipige mwisho. Basi Jumamosi moja tulifika Malava, mimi nikiwa na sindano na uzi kwa ajili ya gauni, tukakuta anga tupu. Shamba zima limekatwa. Yamebaki mashina ya kufika kifundo cha mguu, na kwa mbali trekta ya mwisho inapinda kona na mzigo.

Mjomba alikuja mbio, ameng'aa.

"Mungu ametukumbuka! Walikuja Jumatatu! Watu wote wanasema nimeroga!"

"Mjomba," Dairekta alisema polepole, "na picha yangu?"

"Picha si utapiga tu? Shamba bado liko."

"Si ungewaambia wangoje kidogo?"

"Niwaambie nani wangoje?" Mjomba alishangaa kwa dhati. "Wakataji wamekuja kwa miguu yao, mimi niwarudishe kwa sababu ya sinema? Hata wewe ungeniona mwendawazimu."

Hakuna aliyeweza kumlaumu. Sisi sote tungefanya vile vile. Dairekta aliketi ukingoni mwa shamba muda wa kula mahindi mawili, kwa sababu alikula mahindi mawili. Kungoja miwa iote tena ni mwaka na nusu, na mwalimu wetu alikuwa ameshatolewa mahari na mtu wa kweli. Mwishowe Dairekta akasimama, akasema, "Tupige."

Akawachutamisha wapenzi katikati ya mashina, peupe kabisa, gauni la manjano likiwaka. Akamwambia mjomba apite hatua tatu kutoka kwao, asiwaone. Mjomba akapita, mikono mgongoni, macho mbele, shingo imekakamaa. Wasaidizi walikuwa wanauma nguo zao wasicheke. Kisha akapiga sehemu ya mwisho, ya binti akiondoka kwao na furushi kichwani. Mimi sikuiona ikipigwa. Nilikuwa nimeshaondoka kwenda kusaidia upande wa chakula, maana mke wa mjomba kwa furaha ya miwa alikuwa amechinja ingokho, kuku wa kwetu, na kupika obusuma, ugali wa kulisha kijiji.

Filamu ilipelekwa kusafishwa ng'ambo, ikarudi baada ya wiki nyingi, akaiunganisha, akaja akasimama mbele ya cherehani. "Fundi, hebu wacha hiyo nguo kidogo."

Niliitazama. Baba alipopita kwenye yale mashina kicheko kilinipanda mpaka puani, kisha kikanifia. Kwa sababu yule baba alikuwa amewaona. Hakuna mwenye macho angeweza kukosa kuwaona. Amemwona binti yake hapo chini na mkata miwa, na akakaza shingo akapita. Hadithi nzima iligeuka mbele yangu. Halafu ikaja sehemu ya mwisho. Binti anatembea kwenye barabara ya matrekta akienda zake, tunamwona kutoka mbali sana, anatembea, anatembea, mkanda mzima, dakika tatu, mpaka anakuwa nukta. Nilihesabu vifungo vya gauni nililovaa. Nilikumbuka sikununua chumvi. Nilijua kwa uhakika kabisa kwamba hapo ndipo watu watakaponyanyuka.

"Ulichoka wapi?"

Nilikuwa na majibu mawili mkononi. Kwamba ile ya baba isiguswe, bali aisemee kidogo ili watu waelewe. Na kwamba ile ya mwisho aikate iwe kidole kimoja. Nikamtazama. Alikuwa amekonda, baiskeli haipo, sigara haipo.

"Sikuchoka popote."

"Kweli, Fundi?" Kwa mara ya kwanza aliuliza mara mbili.

"Kweli. Nzuri sana. Onyesha."

Akaonyesha, Jumamosi mchana, katika ukumbi wa mjini uliojaa mpaka madirishani. Watu walikuja kutoka Shirere, Lurambi, na Malava yote iliyokuja kumwona mjomba. Walipenda mwanzo. Kwenye mashina ukumbi ulipasuka. "Mzee ni kipofu!" "Miwa imeenda, wao bado wamejificha!" Dairekta alikuwa ametayarisha maneno ya baba, nilimwona akifungua kinywa mara tatu, lakini hakusikika. Nao walikuwa hawajamaliza kucheka binti akaanza kutembea. Dakika ya kwanza walitulia. Dakika ya pili mtu akauliza, "Huyu anaenda Webuye kwa miguu?" Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Dairekta alishusha kijiti chake, na mashine ikaendelea kutatarika peke yake huku watu wakitoka wakiongea habari za chakula. Tulibaki labda watu kumi. Mimi nilikuwa natazama magoti yangu.

Alikunja shuka mwenyewe. Nilipomsogelea kushika pembe ya pili alisema, "Asante, nimemaliza," na hakuniuliza neno, siku ile wala nyingine.

Akaifungia kamera sandukuni kama alivyoahidi. Aliendelea na vitambulisho, akawa mpigapicha mzuri tu, akajenga nyumba, akasomesha. Tulisalimiana kila asubuhi, "Mulembe, Fundi," "Mulembe, Dairekta," na jina hilo lilinichoma kila nilipolitamka. Aliniletea suruali nipunguze kiuno, baadaye niongeze. Miwa ikafifia, kampuni ikachelewa kulipa na kuchelewa tena, watu wakarudisha migomba yao, nami nikahamishia cherehani nyumbani kwa sababu ya miguu kuuma. Nilimkosa sana. Niliyakosa hata yale ya kunichosha. Nilishakwenda kwenye majumba ya sinema yenye viti vya mito, nikaona risasi na magari, na sikutoka na kofia hata moja ya kukaa nayo wiki nzima. Nilijilaumu pia, na najua ni kujilaumu kwa haki: mtu alitegemea jicho langu naye nikampa adabu zangu.

Miaka michache iliyopita binti yake alinijia nyumbani, mama mzima sasa, anafanya kazi ya kompyuta Nairobi. "Mama, mzee anasema uje Lurambi. Mikanda yake niliipeleka ikatiwa kwa kompyuta. Anasema hawezi kuiona kabla hujaiona."

Nilimkuta kwenye kochi, mzee mweupe wa nywele, koti lile lile begani, ingawa vifungo vingi vilikuwa vimeaga. Hakunisalimia kwa urefu. Alinionyesha kiti, binti akabonyeza, na ile sinema ya mwisho ikaanza kwenye televisheni.

"Hutasema maneno?" nikamuuliza.

"Nimechoka kuwasemea. Waache."

Tukatazama. Miwa ya miaka ile, wembamba wa mwalimu wetu, mjomba ambaye tulishamzika. Alipopita kwenye mashina, shingo imekakamaa, sikucheka. Nilipangusa macho kwa leso na sikujificha. Kisha binti wa sinema akaanza kutembea, akatembea, akawa nukta. Dairekta akanigeukia.

"Fundi. Ulichoka wapi?"

Niliona aibu ya miaka yote ikinipanda usoni, nikaisemesha kabla haijanisemesha.

"Hapo. Hapo mwishoni. Hata siku ile nilichoka hapo, na nikanyamaza. Dakika tatu za mtu anatembea! Nilihesabu vifungo."

Nilingoja avunjike. Alishika fimbo, akasimama wima, akaunguruma kama kijana. "Hapo? Hapo ndipo roho ya picha ilipo! Wewe huoni kitu! Umekaa miaka yote kwa cherehani ukipiga mstari tu!"

"Roho iko kwa baba," nikamjibu, nami nimepandisha. "Amewaona akapita. Hakuna kitu kizuri kama hicho ulichowahi kupiga. Nilitaka kukuambia siku ile ile."

Alikaa. Alikaa polepole, mkono ukitafuta kochi. "Ile ya mashina? Ile nimeionea aibu maisha yangu yote. Nilimwambia huyu aitoe, akakataa."

Binti yake akaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukusema?" akaniuliza.

"Niliogopa kukuumiza."

"Ukaniambia nzuri sana." Alicheka kwa pumzi. "Hayo ni maneno ya matangani, Fundi. Marehemu alikuwa mtu mzuri sana. Mimi nilikuwa hai, nilitaka mtu anigombeze."

Basi nikagombana naye. Nilimwambia sinema zake zote zilikuwa na nyuso. Mafahali hakuwapiga kwa sababu ya nyuso. Na msichana yule ndiye aliyekuwa na uso kuliko wote. Saa anayowaacha wazazi wake, sisi tunapewa mgongo na furushi. "Wewe mtu wa nyuso, mbona hukumsogelea? Nieleze. Mbona ulisimama huko mbali?"

Dairekta alitazama televisheni iliyozimika, akatazama fimbo yake. Binti akasema, "Baba, mwambie basi."

"Nilitaka kumsogelea," alisema. "Niliipanga hivyo, uso mpaka mwisho, kisha miguu. Lakini pindo la gauni lilikuwa limefumuka. Lilikuwa linaburura nyuma na uzi unaning'inia, na wewe umeshaenda jikoni. Nikasema watu wataona, na wote wanajua nani aliyeshona. Nikarudi nyuma. Bado lilionekana. Nikarudi nyuma tena, mpaka kule barabarani."

"Si ungeniita nilitie sindano! Dakika mbili!"

"Niliogopa kukuumiza."

Nilimwambia binti aiwashe tena. Nikasogeza kiti mpaka pua yangu ikakaribia kioo, nikamtafuta msichana wangu wa manjano, mdogo kama punje ya mahindi, akienda zake na pindo nisiloliona. Nilimtazama dakika tatu zote bila kuhesabu kifungo, kwa ajili ya mtu aliyeitoa sinema yake kubwa kafara ili mji usinicheke mimi. Nikamshika Dairekta mkono, nikamshukuru kwa moyo wangu wote, na machozi yakiwa bado yananitoka nikamwambia kwamba bado inachosha.

"Ikate," alimwambia binti yake.